Melba Liston na kalamu yake: kwa mabinti mnaoingia kwenye bendi

Wadogo zangu, kabla hamjawaza kununua ala ya pili, jifunzeni kuandika noti za muziki. Nimefanya kazi ya kupanga muziki, yaani kuandikia kila ala sehemu yake, muda mrefu, na sijaona ujuzi unaomlinda mwanamuziki kuliko huo. Mtazameni Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki wa jazz.

Alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1926, akaanza tromboni, ala ya kupuliza yenye bomba la kuvuta, angali mtoto. Ziara na mwimbaji Billie Holiday kusini mwa nchi ilimchosha, akaacha bendi na kwenda kufanya kazi ya ofisini California miaka kadhaa. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alipomwita kwenye bendi yake mwaka 1956, baadhi ya wanaume kwenye bendi walinung'unika: mwanamke huyu ametolewa California yote hiyo kuja kufanya nini? Gillespie akataka wapige kwanza mipangilio aliyokuja nayo. Wakakwama, wakarudia, wakakwama tena. Maneno yakaisha, heshima ikaanza.

Kazi yake ninayowasihi sana muisikilize ni Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960. Mwanzoni utamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akizungumza kwa Kiswahili chetu hiki hiki! Weston ndiye aliyetunga. Liston ndiye aliyegawa sauti, nani aingie wapi na nani anyamaze. Sikilizeni tarumbeta na tromboni zinavyoziachia nafasi ngoma za Mnigeria Olatunji na wenzake. Nafasi ile haikutokea yenyewe, iliandikwa. Lakini wengi wanaoipenda albamu hiyo wanamjua Weston tu, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo, mkipanga wimbo wa mtu, andikeni jina lenu na tarehe kwenye kila karatasi, na bakini na nakala. Malipo ya kupanga yasichanganywe na ya kupiga. Ni kazi mbili. Kubalianeni mapema jina lenu litatokea wapi kwenye jalada. Kuuliza hivyo si kiburi.

Mwaka 1985 Liston alipata kiharusi, asiweze tena kupiga tromboni. Aliendelea kupanga muziki kwa kutumia kompyuta, na miaka ya 1990 bado alikuwa akimwandikia Weston, hadi karibu na kifo chake mwaka 1999. Anzeni na wimbo mfupi mnaoujua vizuri, ala tatu tu, kisha wapeni wenzenu waupige mbele yenu bila ninyi kuwaelekeza kwa mdomo. Pale watakapokwama, rekebisheni karatasi.