Kichaka cha Kana Chenye Majani Mengi na Maua Machache

SWALI: Mhariri, nilipanda kana nyekundu kando ya ua wa nyumba yangu mwaka 2020, na kwa miaka miwili ya mwanzo zilichanua hadi wapita njia wakawa wanasimama kuomba miche. Sasa kichaka kimekuwa kikubwa, nami sijawahi kukipunguza. Majani ni mapana, lakini maua ni machache na madogo, ingawa kila msimu wa mvua huongeza mbolea ya kuku. Isitoshe, baadhi ya majani hufunguka yakiwa na matundu yaliyojipanga kwa mstari, kana kwamba yamepitishwa kwenye cherehani. Nifanye nini?
Msomaji, Mukono

JIBU: Ndugu msomaji, kichaka chako hakina njaa, kimebanana. Kana ni jamaa wa mbali wa mgomba na tangawizi, na anayejua kutunza shamba la matooke tayari anajua nusu ya kazi. Shina likishamaliza kuchanua halichanui tena, bali hubaki likiwatilia kivuli machipukizi yaliyo nyuma yake. Tofauti na mgomba ni moja, nayo huwaponza wengi: kikonyo cha kwanza cha maua kikinyauka, mara nyingi kingine huchomoza kwenye kifundo kilicho chini yake. Kwa hiyo ondoa kwanza kilichonyauka tu, na shina zima ulikate kwa panga karibu na ardhi baada ya kuhakikisha kwamba hakuna tumba lililosalia.

Mvua za Machi au za Septemba zikianza, fukua kichaka chote. Utakuta matunguu yamepandana hadi mengine yametokeza nje ya udongo. Kata vipande vyenye macho mawili au matatu, tupa vilivyozeeka vya katikati, kisha panda vilivyobaki katika kina cha sentimita 10 hivi, kwa umbali wa sentimita 50, mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi. Rudia kazi hii kila baada ya miaka mitatu hivi. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, inayojenga majani kuliko maua. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri yatosha. Ukiona majani yenye michirizi ya njano, huenda ni virusi, navyo havina dawa: ng'oa mmea huo pamoja na matunguu yake, na tafadhali usiwagawie wapita njia.

Kuhusu matundu, jani la kana huchomoza likiwa limeviringwa kama mkeka. Kiwavi au konokono akilitoboa mara moja, hupenya mizunguko kadhaa, na jani likifunguka tundu moja limekuwa safu nzima. Mtafute ndani ya jani changa ambalo bado limejikunja, umtoe kwa mkono. Sioni haja ya kununua dawa.

SWALI: Je, kana huoteshwa kwa mbegu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Huoteshwa, ila ganda lake ni gumu kiasi kwamba mbegu hizo nyeusi hutungwa kuwa tasbihi. Likwaruze kwa msasa upande mmoja mpaka weupe wa ndani uonekane, kisha loweka mbegu usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Aina zilizochanganywa, hata hivyo, aghalabu hazirudishi rangi ya mama. Anayetaka nyekundu ileile aombe tunguu.