Kuacha kulala kifudifudi

Ndugu, kama shingo inakukaza kila asubuhi kwa sababu unalala kifudifudi, hamia ubavu, usihamie chali. Chali ni mbali mno kwa mtu aliyezoea kukandamiza kifua godoroni, na kama unakoroma, utazidi kukoroma.

Kazi kubwa ni mito. Wa kichwani ujaze nafasi kati ya sikio na godoro, ili shingo inyooke sawa na uti wa mgongo. Pima kutoka shina la shingo hadi ncha ya bega: watu wazima wengi huangukia sentimita 10 hadi 15. Godoro laini linameza bega, kwa hiyo punguza unene wa mto. Mto wa sufi uliobonyea usiutupe. Kunja taulo, uliingize ndani ya foronya. Wa pili ukumbatie, uwe mrefu kutoka kifuani hadi magotini, goti la juu likiegemea juu yake. Huu ndio wengi huuruka, kisha wanashangaa kujikuta kifudifudi saa nane usiku: mwili ulikuwa unatafuta pa kuegemeza kifua.

Mkono wa chini ukifa ganzi, umelalia bega lenyewe. Livute mbele kidogo, na mkono usiuweke chini ya mto.

Usingizini utageuka tu. Ukizinduka, rudi ubavu ulale, usiwashe taa. Jipe wiki kadhaa. Mwili ukiwa mkaidi, shona mfuko kifuani mwa fulana, utie mpira wa tenisi. Ganzi ikibaki hadi mchana, muone daktari.