Mkuu, "mwaka huu hakuna El Niño" ndiyo iliyonizamisha Korogwe

Mkuu, umeandika unachukua mkopo, unakodi shamba kando ya Mto Pangani hapo Korogwe, upande nyanya uvune Desemba, na mafuriko huyaogopi kwa kuwa "El Niño haipo", yaani lile joto la Bahari ya Pasifiki linalolaumiwa kwa mvua kubwa. Huo mkopo usiuguse kwanza.

Maneno hayo hayo niliambiwa 2019, na bwana mmoja wa grupu la WhatsApp aliyejiita mtaalamu wa kilimo, kumbe mtaalamu wa kuuza mbegu. Akatuma ramani ya Pasifiki, akasema vuli itakuwa ya kawaida, pandeni. Na kwa Pasifiki hakudanganya, El Niño kweli haikuwepo. Ila mimi shamba langu halikuwa Peru, huko kando ya Pasifiki!

Kilichotupiga kilitoka Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yalipata joto kupita kawaida, ya kule Sumatra, Indonesia, yakapoa. Ikiwa hivyo, pepo za ikweta ambazo msimu huo huelekea mashariki zinalegea au kugeuka, na unyevu unasukumwa kuja kwetu. Hiyo ndiyo daipoli chanya, na ya 2019 ni kati ya kali kabisa kuwahi kupimwa. Australia wakaungua na ukame, sisi tukaogeshwa.

Mwishoni mwa Oktoba barabara zikakatika Handeni na Korogwe. Nyanya zangu zilishafungwa kwenye vijiti, vichala vya chini vimeanza kugeuka rangi, matenga nimeshaagiza. Ikaanza bakajani, ule ugonjwa wa ukungu. Napulizia dawa jioni, usiku mvua inaiosha, asubuhi nimebeba bomba mgongoni tena, majirani wananitazama tu. Halafu mto ukapanda. Kambale wa Pangani wamekula nyanya zangu bure, hata asante hawajasema. Pampu ya petroli niliikuta imelala kwenye tope. Kitu pekee ambacho hakikuloa ni mkopo.

Yule bwana akaandika "poleni sana wakulima", kisha siku hiyo hiyo akatangaza mbegu za masika. Namba yake nimeifuta, hasira bado ninayo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kwa vuli, soma Bahari ya Hindi kabla ya Pasifiki. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa mno, watu wakatishana, vuli haikufikia vitisho vile kwa sababu daipoli haikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili, mafuriko yake waulize wazee. Mwaka 2022 daipoli ikawa hasi, yaani kinyume cha ile ya 2019, na La Niña, kinyume cha El Niño, juu yake, vuli ikakauka na mifugo ikafa. Masika usiipime hivi, huko uhusiano ni dhaifu.

Idara ya hali ya hewa ya Australia huchapisha kipimo cha daipoli mtandaoni, bure. Kikikaa juu ya nyuzi joto 0.4 na bado kinapanda kuelekea Septemba, toka bondeni, kodi mwinuko hata kama maji utayavuta kwa taabu. Halafu taarifa ya vuli ya TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, usiishie kwenye kichwa cha habari, teremka mpaka wanapoeleza joto la bahari.

Uliuliza pia mbegu gani na bei ya soko la Ilala, sijui nini na nini. Wadau wengine watakujibu. Wewe lete kipimo cha wiki hii hapa kwanza.