Taya linabana nikipanda ngazi: ni vidonda vya tumbo au moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 49. Huu mwezi wa pili sasa, nikipanda ngazi au nikibeba mzigo nasikia kubanwa kwenye taya, na mgongo unauma hapa katikati ya mabega. Nikikaa dakika chache inaisha yenyewe. Uchovu nao umezidi. Nimetumia dawa za vidonda vya tumbo lakini sioni nafuu. Mume wangu anasema ingekuwa moyo, ningeumwa kifua upande wa kushoto. Sina kisukari. Mimba yangu ya mwisho presha ilipanda sana, nikazalishwa kabla ya wakati. Je, kuna haja ya kupima moyo?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Haja ipo, na usiivushe wiki hii.

Kilichonishtua katika barua yako si taya wala mgongo. Ni yale maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: "nikikaa dakika chache inaisha". Unapopanda ngazi, misuli ya moyo inafanya kazi zaidi na kudai damu zaidi. Mshipa unaoilisha ukiwa umepungua upana, damu haitoshi, na moyo unalalamika. Ukikaa, mahitaji yanashuka na malalamiko yanakoma. Vidonda vya tumbo havina tabia hiyo. Vyenyewe hufuata chakula: vinauma ukiwa na njaa au baada ya kula, na havijali kama umepanda ngazi au umeketi.

Kuhusu upande wa kushoto, mumeo anasema wanachosema wengi. Lakini mishipa ya fahamu itokayo kwenye moyo hupeleka taarifa kwa njia zinazokutana na zile za mkono, shingo, taya na mgongo, na ubongo hukosea kujua taarifa imetoka wapi. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda kung'oa jino zima kumbe mwenye shida ni moyo.

Lakini usielewe kwamba wanawake hawaumwi kifua. Wengi wanaopata mshtuko wa moyo husikia kitu kifuani, ila mara nyingi zaidi kuliko wanaume huambatana na mambo mengine: kichefuchefu, pumzi kukatika, uchovu usioelezeka, maumivu ya mgongo au taya. Na kuna suala la maneno. Niliwahi kumuuliza mama mmoja kama anaumwa kifua, akajibu hapana. Nilipomwomba anionyeshe shida iko wapi, aliweka kiganja chote katikati ya kifua, akasema, "Hapa pananilemea tu." Huko kulemewa ndiko kuumwa kifua kwenyewe! Kwa hiyo ukiulizwa, usijibu ndiyo au hapana. Eleza: panabana, pazito, panawaka, pamejaa.

Sasa hiyo mimba. Tafadhali itaje mapema kabisa ukifika kwa daktari, hata asipouliza. Mwanamke aliyepata presha kali au kifafa cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka mingi baadaye, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Ndivyo ilivyo pia kwa kisukari cha mimba na kwa kukoma hedhi kabla ya miaka 40. Inaniuma kuona taarifa hizi zikibaki kwenye kadi ya kliniki ya uzazi, na aliyezibeba hakuambiwa kamwe kwamba zinauhusu moyo wake.

Utapimwa umeme wa moyo. Kipimo hiki kinaweza kutoka safi kabisa ukiwa umelala kitandani, kwa sababu moyo wako unapata shida ukiwa kazini, si ukipumzika. Kikitoka safi, usiridhike; uliza kuhusu kipimo cha moyo wakati wa mazoezi, au kipimo kingine cha kuangalia mishipa. Vilevile, wanawake hupata zaidi ugonjwa wa mishipa midogo ya moyo, ambayo haionekani hata mishipa mikubwa ikipigwa picha. "Mishipa mikubwa haijaziba" si sawa na "huna kitu".

Omba pia upimwe lehemu (kolesteroli) na sukari kwenye damu, na presha. Presha ipimwe vizuri: kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, na usiongee mashine ikifanya kazi. Nimeona namba zikipanda kwa sababu tu mgonjwa alikuwa akipiga soga. Ikifika 140/90 au zaidi kwa kurudiarudia, hiyo ni presha ya kushughulikiwa, hata kama husikii chochote. Na wengi hawasikii chochote. Kwa historia yako ungestahili kupimwa kila mwaka tangu ulipojifungua, hata bila hizi dalili.

Mpaka uonwe, achana na mizigo na ngazi za haraka. Hali ikija ukiwa umetulia, ikizidi dakika 10, au ikija na kijasho chembamba, kutapika au pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe gari mwenyewe. Watu wengine huambiwa watafune aspirini; wewe unayetibiwa vidonda usiimeze mpaka mhudumu wa dharura akuruhusu. Ukifika, damu hupimwa troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia. Mara nyingi hurudiwa baada ya saa chache kwa sababu huchelewa kupanda, kwa hiyo usikubali kuondoka kabla ya kuuliza kama kipimo cha pili kinahitajika.

Leo hii chukua karatasi uandike: nilikuwa nafanya nini, palibana wapi, kwa dakika ngapi, nini kiliondoa. Iende nawe pamoja na majina ya dawa zote unazotumia.