Jibu: Kwa nini kampuni ya telegrafu ilirudisha ada tu

Mkuu, umeuliza inakuwaje kampuni ikosee telegramu (ujumbe uliotumwa kwa waya), mteja apoteze maelfu, halafu arudishiwe ada yake tu. Siri ilikuwa kwenye masharti nyuma ya fomu.

Chukua kesi ya Primrose dhidi ya kampuni ya telegrafu ya Western Union, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1894. Primrose alikuwa mfanyabiashara wa sufu Philadelphia. Mwaka 1887 alimtumia wakala wake kule Kansas ujumbe wa mafumbo, ndani yake likiwemo neno "bay", walilokubaliana kuwa maana yake ni "nimenunua". Likafika "buy", yaani "nunua". Kwa alama za Morse, yaani nukta na vistari vya kutumia telegramu, a na u zinatofautiana kwa nukta moja tu! Wakala akaingia sokoni kununua sufu, na hasara ikapita dola 20,000. Ada ilikuwa dola 1.15.

Fomu ilisema ukitaka ujumbe urudishwe ulikotoka ukalinganishwe, ongeza nusu ya ada. Usipoongeza, dhima ya kampuni haizidi ulicholipa. Primrose hakuongeza. Mahakama ikaona sharti hilo ni halali, na kwamba karani anayepitisha mafumbo hawezi kujua yamebeba mali kiasi gani. Hoja hiyo ya karani naikubali. Lakini hilo sharti, mh, kampuni ililiandika peke yake, mteja akasaini akiwa dirishani na haraka zake.

Baadhi ya mahakama za majimbo zilikataa kabisa kinga ya namna hiyo pale uzembe ulipothibitika.