Andika kituko kabla hakijayeyuka

Naanza na mzee wangu. Kipindi kile ndo kwanza anajifunza kutumia simu ya mkononi, akanipigia mchana mi nimezima simu, sa jioni naingia nyumbani namkuta kwenye kiti chake na ule uso wa mtu mwenye jambo lake. Shikamoo, marahaba, kimya kidogo, halafu akauliza, "Hivi huyo dada anayepokea simu yako ni nani?" Nikashtuka, dada gani tena? "Ana sauti ya upole, anaongea vizuri, kaniambia haupatikani. Nikamwambia ahsante mwanangu, akirudi mwambie anipigie. Ila hasalimii. Nimepiga mara tatu na mara zote tatu hajasalimia, anakimbilia tu kusema haupatikani." Mama akanyanyuka haraka haraka akaenda jikoni, mara nikasikia sufuria limeanguka, na mpaka leo naamini alilidondosha makusudi ili tusisikie anavyocheka.

Usiku ule niliandika nyuma ya risiti, mstari mmoja tu: "Baba: ana adabu ila hasalimii." Nikaichomeka kwenye kitabu, nikasahau. Miaka kama sita baadae nahama, kitabu kinadondoka, risiti inachomoka, nikasoma nikakaa sakafuni hapohapo katikati ya maboksi nacheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilipomaliza kucheka nikajiuliza, hivi mwaka ule kingine nakumbuka nini? Nakumbuka kazi ilinipa stresi sana, yaani nilikuwa silali, lakini stresi yenyewe ilihusu nini hata siwezi kukwambia. Mwaka mzima imebaki risiti moja.

Toka siku hiyo nina daftari. Ushauri wangu wote leo ni huo, kuwa na daftari la vituko, mengine yote ni maelezo ya namna ya kulitumia, maana mi nilikosea kwanza ndo nikapatia.

Nilikosea hivi. Niliwahi kujaribu njia ya kisomi. Mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na wenzake mwaka 2005 walitoa utafiti ambao watu waliambiwa waandike kila usiku mambo matatu yaliyoenda vizuri na sababu zake, kwa wiki moja tu, na furaha yao ikapanda na miezi 6 baadae ilikuwa bado iko juu, hasa kwa wale walioendelea kuandika wenyewe bila kuambiwa. Nikasema hii ndo yangu. Siku ya kwanza nikaandika vizuri, siku ya nne naandika "afya, familia, kazi", siku ya tano naandika "kama jana". Njia haikuwa mbovu, tatizo ni mimi niliyekuwa naijaza kama fomu, na ile sehemu ya sababu nilikuwa nairuka kabisa. Nikaona kwa mtu wa aina yangu bora niandike kitu kimoja cha kipuuzi kilichotokea kweli kuliko vitatu vya heshima.

Sa ukiandika, usiandike "leo tumecheka sana na shangazi". Aisee hiyo sentensi ni maiti, ukiisoma baada ya mwaka haikwambii chochote, mlicheka nini sasa? Andika maneno yenyewe jinsi yalivyotoka mdomoni, na kosa lake la lugha kama lipo liache hivyohivyo, halafu ongeza kitu kimoja ulichokiona kwa macho. Shangazi kasema nini, alikuwa kashika nini mkononi. Basi. Mistari miwili inatosha. Na andika siku hiyohiyo, kwa sababu kituko kinayeyuka vibaya mno, kesho yake unabaki na kumbukumbu kwamba kulikuwa na kitu cha kuchekesha ila chenyewe hukioni, kama ndoto ya alfajiri.

Watu wananiambia "mimi siku zangu za kawaida tu, hakuna cha kuandika". Mi nadhani hizo ndo zenyewe. Kuna utafiti wa 2014 wa Ting Zhang na wenzake pale Harvard, waliwaambia wanafunzi waweke kwenye kumbukumbu vitu vya kawaida kabisa vya wakati huo, maongezi ya karibuni, nyimbo wanazosikiliza, mambo kama hayo, na wakadirie watafurahia kiasi gani kuvisoma miezi 3 baadae. Walipokuja kuvisoma walivifurahia kuliko walivyodhani. Yaani sisi tunajua kutunza harusi na mahafali, mapicha mia nne, halafu maongezi ya Jumanne jioni tunayaacha yaende, wakati hizo Jumanne ndo hatukumbuki kitu na ndo zingetushangaza.

Na kushangaa ndo kila kitu kwenye kucheka. Umeshawahi kujitekenya mwenyewe? Haiwezekani. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake pale London walilipima hili mwaka 1998 kwa kupiga picha ubongo wa mtu akitekenywa, wakaona kwamba ukijitekenya mwenyewe ubongo unakuwa umeshajua mkono unaenda wapi, kwa hiyo unaupuuza. Mi nadhani daftari linafanya kazi kwa mlango huohuo ila kwa nyuma, unaandika, unasahau, halafu miaka mingine unajitekenya na mkono wa mtu ambaye hukumbuki kama ulikuwa ni wewe. Ndo maana nashauri usilisome kila siku. Liache lilale.

Halafu simulia. Robert Provine, huyu alikuwa mtafiti wa vicheko, alikaa na wanafunzi wake sehemu za watu wengi wakisikiliza, wakakusanya vicheko 1,200, na wakakuta vingi havikufuata utani wowote, vilifuata maneno ya kawaida tu ya aina ya "haya, tutaonana baadae". Na akaona pia kwamba watu wanacheka kama mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Kwa hiyo usikae unasubiri upate stori ya kuvunja mbavu, peleka hiyohiyo ndogo kwa mtu mnayeelewana, itakua hukohuko. Mimi na dada yangu tuna neno moja tu tukitumiana kwenye simu tunaangua kicheko, na hata tukiwaelezea wengine wanatuangalia tu.

Ila hapa kuna kitu kidogo na lugha yetu imeshakimaliza kwa ufupi: kumcheka mtu na kucheka na mtu, herufi chache tu zinatenganisha na ni dunia mbili. Nilishawahi kusimulia kituko cha rafiki yangu mbele ya watu asiowajua, watu wakafa na mimi nikajiona fundi, kumbe mwenzangu anatabasamu kwa meno tu, macho hayapo. Alikaa wiki mbili hapokei simu zangu. Siku hizi kituko kikiwa cha mtu naanza kumsimulia mwenyewe, akicheka ndo kinatoka, akinyamaza kinabaki daftarini. Vituko vyangu mwenyewe navitoa bure, kama siku niliyompungia mkono mtu wa ng'ambo ya barabara kwa furaha zote, kumbe anampungia mtu wa nyuma yangu, ikabidi mkono niupeleke kichwani nijikune, na nikajikuna mpaka nikapita kona.

Sio lazima kila kitu kiwe cha kuchekesha pia. Kurasa zingine zina vitu kama upande wa mto ambao haujalaliwa, ule wa baridi. Kuokota hela kwenye suruali yako mwenyewe na kujiona umesaidiwa. Harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu, hii hata ina jina rasmi, wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina la petrikori mwaka 1964, na mi nilifurahi sana kujua kwamba kuna watu wazima walioamka asubuhi wakaenda kazini kuchunguza harufu niliyokuwa naisimamia dirishani bila kazi.

Kosa jingine ni kamera. Kila kikitokea kitu nilikuwa natoa simu nirekodi, na ukitoa simu tu watu wanakaa sawa, mtoto anaacha alichokuwa anafanya anaanza kupozi, na kituko kimekwisha kufa. Acha simu mfukoni, tumia masikio.

Na kuna siku daftari silifungui. Nikiwa msibani au kichwa kizito kweli silazimishi kutafuta cha kuchekesha, na mtu akija kuniambia "cheka bwana, maisha mafupi" natamani kumrushia hilo daftari lenyewe. Likiwa tayari litafunguka.

Kuhusu ile risiti, nilimsomea mzee. Akakataa katakata. "Hayo mmeyatunga wewe na mama yako," akasema, na akaniangalia kwa ukali kabisa, nikaona basi yaishe.

Sa jana usiku taa zimezimika, mi natafuta simu. Natafuta chini ya kiti, nyuma ya mito, mwanangu mdogo ananisaidia, tumeinama wote wawili namulika huku na kule kwa tochi, dakika kumi nzima. Akaniambia, "Tuipigie itaita." Wazo zuri. Nikazima tochi, nikampa simu aipigie. Akabonyeza namba yangu, akaweka sikioni, tukasubiri wote gizani tusikie inaita wapi.

"Kuna dada anasema namba inatumika," akasema mtoto.

Kwenye giza, kutoka kwenye kile kiti chake, mzee akauliza, "Amekusalimia?"