Mwanangu, kuhusu lile gemu la Kratos

Mwanangu,

Marahaba. Huku Mbeya hatujambo. Bibi yako anakusalimia, miguu tu ndiyo inamsumbua na baridi hii.

Swali lako nimelisoma. Wewe na mwenzako wa chumbani hapo Dodoma mnabishana lipi bora, God of War la kwanza, lile la PlayStation 2 (PS2), mashine ya zamani ya gemu, au hili la 2018 mnalocheza sasa, na mmekubaliana mama aamue kwa kuwa ndiye aliyelicheza la zamani. Sawa. Ila kwanza nikusimulie nililichezaje, maana mjomba wako akisimulia huwa anaruka palepale panaponiuma.

Banda lake la Mwanjelwa unalijua, lile ambalo siku hizi ni saluni. Mwaka 2007 lilikuwa na PS2 mbili, TV za chogo mbili, mabenchi ya mbao, na turubai mlangoni la kuzuia baridi ya Juni. Nilikuwa nimerudi nyumbani nijifungulie kwa bibi yako. Baba yako alikuwa Chunya. Habari za Chunya unazijua, sirudii. Asubuhi, wanafunzi wakiwa shule, nilikuwa namshikia mjomba wako hela. Wateja wake walikuwa wa mpira tu: unalipa, unacheza mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. God of War lilikuwepo kati ya zile CD, limeshatoka tangu Machi 2005, ila hakuna aliyeligusa. Lilitaka mtu akae asikilize, tena Kiingereza.

Asubuhi moja nikaliweka. Mtu mweupe pe, Kratos mwenyewe, mwenye alama nyekundu mwilini, amesimama juu ya genge, anasema miungu imemwacha, kisha anajitupa. Halafu simulizi linarudi wiki tatu nyuma, uko naye kwenye merikebu zinazovunjika, unapigana na Hydra wa vichwa vingi. Na sauti nzito ya mwanamke inasimulia. Ni mwigizaji wa Marekani, Linda Hunt, hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba kuna mtu ananisimulia hadithi, na siondoki hapa mpaka iishe. Umenisikia nikisema tangu ukiwa mdogo: gemu lisilo na hadithi ni mazoezi ya vidole.

Pale jangwani ndipo nilipopiga kelele hadi jirani wa duka la nafaka akaja. Kratos anatafuta Sanduku la Pandora, maana ndilo pekee litakalompa mwanadamu nguvu za kumuua mungu. Hekalu lilimofichwa limefungwa kwa minyororo mgongoni mwa Cronos, baba yake Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, naye amehukumiwa kutambaa nalo jangwani milele. Hebu simama Mwanjelwa utazame Loleza, kisha uuone mlima ule unatambaa mchangani, na juu yake kuna nyumba ya ibada. Kratos anaupanda siku tatu.

Nikafika kuzimu. Ares, mungu wa vita, ndiye Kratos anayetaka kumuua, amemrushia nguzo kutoka mbali, imemchoma, ameanguka kwa wafu, inabidi atoke. Kule kuna miti mirefu inayozunguka, imejaa visu, unaipanda huku unaikwepa. Kisu kimoja kikikugusa umeanguka, unaanza mti upya. Nilikaa pale asubuhi nyingi. Nikaivuka, nikasevu, nikaenda kula.

Kesho yake nafungua memori kadi, ile inayotunza ulipofikia, hakuna kitu. Kadi za PS2 zilikuwa na nafasi ndogo, MB 8, na mtu alitaka kusevu ligi yake ya mpira, kadi imejaa, akafuta. Alifuta Athens yote, Cronos, kuzimu, ile miti. Mjomba wako anaapa mpaka leo kwamba si yeye. Anasema ni mteja. Mteja yupi, ambaye ligi yake ilikuwa ya timu ileile anayoshabikia yeye? Yameshapita. Lakini hayajapita.

Nikaanza upya. Safari hii vijana walishasikia habari, wakawa wanakaa nyuma yangu hata mpira wenyewe wakauacha. Sauti ikisema kitu, nasimamisha, nawatafsiria, naendelea. Tulipofika pale Kratos anapokumbuka kijiji alichoambiwa akiteketeze, akaua kila mtu hekaluni, akafumbua macho na kuona aliowaua ni mke wake na binti yake, Ares ndiye aliyewaweka humo kwa hila, banda zima lilinyamaza. Weupe wake ule ni majivu yao, yamemganda kwa laana. Kijana mmoja aliniuliza kama Wagiriki kweli walisimulia mambo hayo. Ya Kratos huyu yametungwa, lakini Heracles wao wa kale naye aliwaua watoto wake, Hera alipomtia wazimu.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye pambano la mwisho Ares anamrudisha Kratos siku ile. Mke na mtoto wamesimama katikati, na akina Kratos wengine wanakuja kwa makundi kuwaua. Unawapiga, na wale wawili wakidhoofika unawakumbatia kwa kubonyeza kitufe cha duara. Ukiwakumbatia uhai wako unapungua, wao unaongezeka. Nilikuwa nimekupakata tumboni na pedi ya kuchezea gemu imekaa juu yako. Nilibonyeza duara hadi nikabakiwa na uhai kidogo sana. Na ukishawalinda wote hao, Ares anamnyang'anya Kratos panga zake na kuwaua nazo palepale.

Nililia, na wale vijana hakuna aliyenicheka.

Hili la 2018 nalo likizo iliyopita nililitazama nawe, unakumbuka nilikaa mpaka ugali ukapoa. Kratos sasa ni baba asiyejua kuongea na mtoto wake. Panga zile alizozificha chini ya sakafu anazifukua tena kwa sababu mtoto anaumwa. Na yule Freya, aliyemroga mwanawe Baldur asife, mpaka kijana hasikii uchungu wala ladha ya chakula, akamchukia mama aliyemwokoa. Kwa hadithi, mwanangu, hili limeenda mbali zaidi. Nikifuata msemo wangu mwenyewe, mazungumzo yameisha, mwenzako ameshinda.

Lakini hapana. La kwanza hadithi halikukusimulia tu, lilikupa mkononi. Kumbatio lile nililitoa mimi, na uhai ulipungua wa kwangu. Tena nikisema hivyo nakumbuka ulivyotetemeka ukifukua zile panga, na wewe ndiwe uliyekuwa na pedi. Ndiyo maana nasita.

Jibu langu ninalo na mdomo unaniwasha, ila sitalitoa kwa mtu aliyecheza moja. PS2 ya mjomba wako iko kabatini kwa bibi, niliiwasha mwezi uliopita, inafanya kazi. Ukija Desemba anza Hydra, fika kwa Ares, umkumbatie yule mtoto, kisha uniambie wewe kwanza. Memori kadi nitakaa nayo mimi. Mjomba wako haigusi.

Mama yako